Kulala hemani kando ya kijito milimani Taita: mwongozo kamili kwa mtu wa Mombasa

Kila baada ya likizo ya shule naletewa malalamiko yale yale. Hema lililowa kwa ndani ingawa mvua haikunyesha. Moto ulikataa kuwaka. Watoto walitetemeka mpaka alfajiri, na kulipopambazuka watu wakafunga virago kurudi Voi. Wengi wao walikuwa na vifaa vya kutosha. Kilichowaangusha ni kwamba walijiandaa kama watu wanaokwenda kulala ufuoni: waliogopa mbu na wezi, wakasahau baridi inayotoka ardhini na unyevu unaokaa bondeni.

Mwongozo huu ni wa kambi isiyo na chochote: kiwanja kidogo cha nyasi, kijito, miti, basi. Hakuna choo, bomba, umeme wala mlinzi. Nimechagua milima ya Taita kwa kuwa ina baridi ya kweli na unaifikia kutoka Mombasa kwa siku moja bila kuvuka mpaka. Shimba Hills iko jirani zaidi, lakini ni ya chini, joto lake halitofautiani sana na letu, tena ina ndovu. Kule lala katika kambi za Huduma ya Wanyamapori, KWS, tu, na ufuate masharti yao.

## Vitu vya kubeba

Karibu vyote vinapatikana mjini. Nguo za baridi zitafute Kongowea kwenye mitumba. Sweta za sufu na majaketi mazito huuzwa rahisi kwa sababu hapa kwetu hayana wanunuzi wengi.

- Hema lenye tabaka mbili, na kifuniko cha nje kishuke mpaka karibu na ardhi. Hema la tabaka moja la kuchezea watoto ufuoni liache nyumbani.
- Turubai la mita 3 kwa 4 na kamba ya mita 20.
- Godoro jembamba la povu kwa kila mtu, pamoja na mkeka.
- Mablanketi mawili mazito kwa kila mtu, au begi la kulalia lililotengenezewa nyuzi 5 au chini ya hapo.
- Seti moja ya nguo za kulalia: soksi nene, kofia ya sufu, sweta, suruali ndefu. Zifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji na usizivae mchana hata ukishawishika.
- Jiko dogo la gesi, viberiti viwili vilivyofungwa mbali mbali, sufuria yenye kifuniko, thamosi mbili.
- Dumu la lita 10, dawa ya kusafishia maji kama WaterGuard, na leso safi ya kuchujia.
- Jembe dogo au koleo la bustani.
- Tochi ya kichwa kwa kila mtu, na betri za akiba.
- Dira, sanduku la huduma ya kwanza, na dawa zako za kila siku.
- Gunia la kurudishia taka.

Chakula usikipakie kwenye chupa na vyombo vya plastiki vya kutupwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo. Beba chupa za kujaza tena na mikebe yenye vifuniko.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha piga hesabu ya baridi

Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo njia za Taita huteleza na vijito hufura kwa ghafla. Kama ni mara yako ya kwanza, nenda Januari au Februari.

Juni hadi Septemba mvua kubwa ni chache, lakini wakati huo ndio Kusi inavuma. Upepo ule ule unaochafua bahari yetu hufika Taita umebeba unyevu, ukapanda mlima, ukageuka ukungu na manyunyu. Misitu ya kule juu imeishi kwa ukungu huo miaka yote. Wewe utalowa nao.

Hesabu ya baridi ni rahisi. Ukipanda mita 1000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Wundanyi iko kwenye mita 1400 hivi, na kilele cha Vuria ni mita 2208. Basi usiku wa Julai ambao Mombasa una nyuzi 21, tarajia kama 12 Wundanyi na kama 7 karibu na Vuria. Ukiongeza upepo na nguo mbichi, baridi hiyo inaweza kumuumiza mtoto. Fanya hesabu hii kabla hujaamua nani anakwenda na nani anabaki.

## Hatua ya 2: Lisimamishe hema nyumbani kwanza

Lisimamishe juu ya dari au uani, jioni, kwa kutumia tochi tu. Hesabu vigingi. Limwagie ndoo mbili za maji, kisha ingia ndani upapase mishono. Panapovuja pakaushe, upake nta ya mshumaa au gundi ya turubai.

Washa jiko, uchemshe chai na uhesabu dakika. Utajua gesi yako inatosha au la.

Ikiwa unaweza kulisimamisha hema gizani bila kuuliza mtu, na ndani ni kavu baada ya ndoo mbili, uko tayari. Kama bado, ahirisha safari wiki moja.

## Hatua ya 3: Fika kabla ya saa 9 alasiri

Ondoka Mombasa asubuhi. Unaweza kupanda basi la njia ya Nairobi, au treni ya SGR inayosimama vituo vya kati, ukashuka Voi, takriban kilomita 150 kutoka Mombasa. Pale panda matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate. Baada ya Mwatate barabara inaanza kupinda na kupanda, na masikio yanaziba. Wanaotapika garini wakae mbele.

Nasisitiza saa 9 kwa sababu jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni, na mabondeni mlima hulificha mapema zaidi. Unahitaji mwanga wa kutafuta mahali, kuomba ruhusa, kusimamisha hema, kuchota maji na kupika. Malalamiko mengi niliyoyasikia yalianzia kwa watu waliofika saa 12.

Usikatize safari ukalala vichakani huko tambarare, kati ya Voi na Mwatate. Ndovu wa Tsavo hupita huko usiku.

Ruhusa. Hakuna ardhi isiyo na mwenyewe Taita. Misitu ya hifadhi kama Ngangao, Chawia na Mbololo ina utaratibu wake. Ulizia ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, kabla ya kuingia. Penginepo ni mashamba ya watu. Nenda nyumba iliyo karibu na kijito, piga hodi, amkia kwa heshima:

"Shikamoo mzee. Sisi ni wageni kutoka Mombasa. Tunaomba ruhusa tulale usiku mmoja pale juu ya kijito, na kesho tuondoke. Tutapaacha safi."

Uliza pia malipo ni kiasi gani, na pesa zikae mkononi, kwani mtandao wa simu hupotea mabondeni. Kisha uliza jambo ambalo watu hawaulizi: pana mahali ambapo hatupaswi kwenda? Taita kuna misitu midogo mitakatifu iitwayo fighi, na mapango yenye mafuvu ya wazee wa zamani. Ukikutana na pango kama hilo usiguse kitu wala usipige picha. Ni makaburi ya watu.

Mwenyeji akikuonyesha mahali kwa kidole na kusema "hapo hapana siafu", mfuate.

## Hatua ya 4: Mahali pa hema

Hapa ndipo safari inapookoka au kuharibika. Usiwe na haraka, hata nusu saa ikipita.

Macho yatakuvuta kwenye nyasi laini pembeni mwa maji. Pakatae, kwa sababu tatu.

Kwanza, baridi. Usiku hewa iliyopoa huwa nzito na huteremka mlimani kama maji, ikajikusanya chini bondeni. Ukingo wa kijito ndio sakafu ya bonde, yaani mahali penye baridi na umande kuliko pote. Panda hatua chache tu kwenye mteremko na utaihisi tofauti usoni.

Pili, mafuriko. Mvua inaweza kunyesha karibu na kilele wakati kwako nyota zinaonekana. Nyasi zile ni laini na tambarare kwa sababu maji yamepita hapo. Tazama vichakani: ukiona majani makavu na vijiti vimenasa kwenye matawi, hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Hema liwe juu zaidi ya alama hiyo, mita 3 na zaidi.

Tatu, kijito ni kisima cha watu walioko chini yako. Ukilala mbali, uchafu wako nao unakuwa mbali. Hesabu hatua 80 za kawaida kutoka majini. Hizo ni kama mita 60.

Ukishapanda hapo juu, kagua haya:

*Juu ya kichwa.* Usilale chini ya mkaratusi. Mti huo huangusha matawi mazito hata siku isiyo na upepo. Mti wowote uliokauka nao ukae mbali nao, umbali unaozidi urefu wake.

*Chini ya miguu.* Tembea polepole ukitafuta msafara wa siafu, mashimo ya panya na upupu. Siafu wakipita hemani usiku hakuna dawa isipokuwa kutoka mbio, kwa hiyo watafute sasa. Wakionekana, hama kabisa, usisogee hatua mbili tatu ukadhani umewakwepa.

*Mteremko.* Mahali tambarare kabisa hutuama maji. Tafuta mteremko mdogo sana, kisha lala kichwa kikiwa upande wa juu. Lala chini kwanza, kabla ya hema, uhisi mgongo wako. Ukijisikia unateleza, hapafai.

*Upepo.* Mgongo wa hema uelekee unakotoka upepo. Wakati wa Kusi huo ni upande wa kusini-mashariki, lakini mabonde huupinda, basi rusha majani makavu uone yanakokwenda.

Mahali pazuri ni pale unapousikia mlio wa kijito bila kuyaona maji.

## Hatua ya 5: Simamisha hema

Ondoa mawe na vijiti kwa mkono. Usichimbe mfereji kuzunguka hema. Miteremko ya Taita humomonyoka upesi, na mfereji wako wa usiku mmoja utakuwa korongo la mwenye shamba msimu ujao.

Tandika turubai la chini kama unalo, lakini pembe zake zikunjwe ndani, zisitokeze nje ya hema hata kidole. Zikitokeza, zinapokea maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako. Kosa hili ni dogo, na limewalowesha wengi.

Vigingi vipigwe vikiwa vimelalia upande wa kuikimbia hema. Kifuniko cha nje kivutwe kiwe kimekaza, kisiguse kitambaa cha ndani popote. Kikigusa, unyevu unapita.

Angalia kamba. Za nailoni hulegea zikilowa, kwa hiyo zikaze tena kabla ya kulala. Za katani, zile za mkonge kama unaoupita mashambani Mwatate, hukaza zikilowa. Ziachie ulegevu kidogo zisije zikang'oa vigingi.

Turubai la mita 3 kwa 4 lifunge pembeni kati ya miti miwili, upande mmoja chini kuliko mwingine. Hapo ni jikoni na barazani pako.

## Hatua ya 6: Maji

Kijito cha mlimani kinaonekana safi kuliko bomba la nyumbani, na watu hukinywea kwa viganja. Usifanye hivyo. Juu yako kuna ng'ombe, mashamba na nyumba.

Chota pale maji yanapokwenda, si kwenye kidimbwi kilichotulia. Chuja kwa leso iliyokunjwa mara nne. Kisha chemsha mpaka yatokote kwelikweli, na uyaache yatokote dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2000, dakika tatu, maana kule maji hutokota kabla hayajafika nyuzi 100. Ukitumia dawa, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na usinywe kabla ya nusu saa kwisha.

Chota maji ya usiku mzima kabla ya magharibi. Kuteremka kijitoni gizani juu ya mawe yenye utelezi ndiko kunakovunja miguu.

## Hatua ya 7: Jiko na chakula

Usitegemee moto wa kuni. Ndani ya msitu wa hifadhi huruhusiwi kuuwasha bila kibali, na hata penginepo kuni za kule zimeshiba ukungu. Mwenyeji akikubali, nunua kwake kuni kavu na uwashe mahali alipokwisha kuwasha yeye.

Pika mapema, kitu chepesi chenye nguvu. Mahamri na mbaazi zilizopikwa nyumbani zinapashwa moto kwa dakika chache na zinashibisha usiku kucha. Viazi na mboga nunua soko la Wundanyi. Ni freshi, na pesa zinabaki kwa wenyeji. Chai ya tangawizi ijaze thamosi kabla ya kulala.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usiingize jiko hemani, liwe la makaa au la gesi, hata likiwa linakaribia kuzimika, hata mtoto akilia baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hahisi kukabwa. Husinzia tu, na haamki. Familia nzima hufa hivyo ndani ya vyumba vilivyofungwa, na hema ni dogo kuliko chumba. Jiko likae nje, chini ya turubai, hatua kadhaa kutoka mlangoni.

Mabaki ya chakula yafungie ndani ya mikebe. Kima na panya hawakawii kuyafikia.

## Hatua ya 8: Choo, kuoga na udhu

Chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka majini, upande usioelekea kijito. Fukia na ushindilie. Pampasi na pedi haziozi. Zirudi nawe ndani ya gunia.

Sabuni isiingie kijitoni hata tone. Chota kwa kata, ukaoge mbali, maji machafu yamwagikie nyasini. Udhu nao hivyo hivyo, na kwa alfajiri hifadhi maji ya moto kwenye thamosi ya pili, utajishukuru. Kibla kutoka Taita ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo sana. Ikague kwa dira kabla ya giza, kwani ukungu ukishuka hutaona hata mlima wa pili.

## Hatua ya 9: Kulala

Mtu wa pwani akiambiwa baridi hutafuta blanketi la kujifunika. Lakini ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili usiku. Ukiwa na mablanketi mawili, moja litandike chini. Mpango wangu ni huu, kutoka ardhini kwenda juu: mkeka, godoro la povu, blanketi lililokunjwa mara mbili, wewe, kisha blanketi la pili. Godoro la kujaza upepo peke yake halifai, kwa maana hewa iliyo ndani yake hupoa pamoja na ardhi.

Vua kila ulichovaa mchana, hata kama unadhani ni kikavu. Jasho la kupanda mlima limo ndani, na pamba iliyolowa jasho hukuondolea joto badala ya kulitunza. Vaa zile nguo ulizozificha. Kofia usiivue.

Kula kitu kitamu kabla ya kulala, tende tatu au nne, mwili upate cha kuunguza. Nenda haja kabla ya kufunga hema.

Sasa siri ya hema lililowa bila mvua: ni pumzi zenu. Watu wanne wakipumua ndani ya hema lililofungwa kabisa, unyevu hugonga kitambaa baridi na kudondoka. Acha madirisha ya juu wazi kiganja kimoja, ingawa mkono wako utataka kuyafunga. Nguo mbichi zikae nje chini ya turubai.

Mtazame mwenzako, mtoto hasa. Akitetemeka bila kukoma, akaongea kama mlevi, au akaacha kutetemeka ilhali bado ni baridi, mwili wake umeshindwa kujipasha. Mvue mbichi, mvishe kikavu, mlaze katikati ya watu wawili, mpe chai tamu kama anaweza kumeza. Pombe hapana, maana hupoteza joto. Asipopata nafuu mpelekeni hospitali ya Wesu, karibu na Wundanyi, au ile ya rufaa ya Moi mjini Voi. Namba za dharura ni 999 na 112. Ndiyo maana nilikuambia umjue mwenyeji: usiku, yeye ndiye anayejua bodaboda ni ya nani.

Ukiamka alfajiri ukakuta vidole vya miguu vina joto na kitambaa cha ndani cha hema ni kikavu, umeweza.

## Hatua ya 10: Mvua ikija usiku

Sikiliza kijito. Mlio ukizidi kuwa mzito, au ukasikia mawe yakigongana, maji yanapanda. Mulika: yakiwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na yanaleta vijiti, amsha kila mtu, vaeni viatu, pandeni mteremko. Hema liache. Usijaribu kuvuka kijito kilichofura, hata maji yakiwa ya magotini, kwani yanapokwenda kasi humwangusha mtu mzima.

Kama mko juu ya alama ile ya Hatua ya 4, kazi yenu itakuwa kukaza kamba tu na kurudi kulala.

## Hatua ya 11: Kuondoka

Subirini jua likaushe kifuniko cha nje, kwa kawaida baada ya saa 3 asubuhi ukungu ukishapanda. Taka zote ziingie gunia, na maganda pia. Nyasi zilizolala zipepee kwa mkono zisimame. Mpitieni mwenyeji kumuaga na kumshukuru.

Ukifika Mombasa usiliweke hema kabatini siku hiyo, hata uchovu ukiwa mwingi. Kwa joto na unyevu wa kwetu, hema lililokunjwa bichi hushika kuvu kwa siku mbili tatu, na kuvu hula ile dawa ya kuzuia maji. Litundike kivulini, jua kali nalo huchakaza kitambaa. Vigingi vioshe matope, uvikaushe, uvihesabu, na kilichopungua ukinunue wiki hiyo hiyo.